Kicheko cha Veneranda

Siku walipomzika mama yake, Veneranda Ntandu alicheka.

Hakikuwa kile kicheko cha bahati mbaya kinachomponyoka mtu msibani, akajidai anakohoa. Alicheka kwa sauti, kichwa amekirudisha nyuma, meno yote nje, mbele ya padri na wanakwaya na ukoo mzima wa Ntandu uliojipanga pembeni ya shamba la alizeti. Jeneza lilikuwa limeshashuka. Silvesta, kaka yake mkubwa, alikuwa ameinama kuchota udongo wa kwanza. Akabaki vilevile, ameinama, udongo kiganjani, akimtazama dada yake kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake.

Dakika kumi kabla ya hapo Veneranda alikuwa akilia kama binti yeyote aliyefiwa. Siku tatu nzima alikuwa amemsihi mumewe, Fidelis. "Baba Sekunda, nishushe. Niache nimlilie mama yangu kama watu wanavyolia." Fidelis alikataa mara mbili. Mara ya tatu, asubuhi ya mazishi, akautoa ufunguo kwenye mfuko wa koti, akaingiza tarakimu zake nne, akazungusha namba kutoka tano mpaka tatu. Kisha akaurudisha mfukoni. Jua lilipopanda alilivua koti, akalitundika kwenye kiti chake chini ya turubai, akaenda kusaidia kubeba jeneza.

Uchungu ulimjia Veneranda wote kwa pamoja. Alimwita mama yake kwa jina la usichana ambalo hakuna aliyelitumia kwa miaka hamsini, akataka kulifuata jeneza shimoni, wanawake wanne wakamshika kanga na mikono. Ulikuwa uchungu mkali, lakini ulikuwa wake. Hata katikati ya kulia alihisi kitu kama shukrani.

Ndipo joto likaanza kitovuni.

Alilijua. Lilipanda polepole kifuani, kama uji wa moto unavyoshuka kwa mtu mwenye njaa, ila hili lilikuwa linapanda. Aliuma meno. Alijilazimisha kuiwaza miguu ya mama yake, ile mipasuko ya kisigino aliyokuwa akimpaka mafuta ya nyonyo kila kiangazi. Miguu aliiona vizuri kabisa, lakini uchungu wake ulikuwa umepukutika kama punje zinavyopukutika kwenye gunzi. Udongo ukawa mwekundu wa kupendeza. Kofia ya padri ikawa imekaa upande. Na Silvesta, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa ameinama, makalio yameelekea wanakwaya.

Akacheka. Alicheka mpaka wanawake wale wanne wakamwachia, mmoja baada ya mwingine.

"Mtoeni," alisema Silvesta.

Walimtoa mpaka barabarani. Kaka yake alimfuata huko baada ya kaburi kufunikwa, mikono bado ina udongo. Silvesta hakuwa mtu wa kelele.

"Najua una nyaya kichwani," alisema. "Kila mtu hapa anajua. Kama ingekuwa ni kicheko peke yake ningesema ni mashine. Lakini nimeyaona macho yako, Veneranda. Ulikuwa na furaha."

"Nilikuwa nayo," alijibu Veneranda, na alikuwa bado anatabasamu, maana tisa haishuki kwa dakika moja. "Nisamehe, kaka. Nilikuwa nayo kweli."

"Basi nenda nayo. Arobaini ya mama usije."

*

Miaka mitatu kabla ya hapo, Veneranda alikuwa msimamizi wa kikosi cha kamba kwenye minara ya umeme wa upepo iliyoota kwenye miinuko yote ya Singida. Kazi yake ilikuwa kuning'inia mita themanini juu ya ardhi na kuyakagua mapanga ya mnara, sentimita kwa sentimita, kwa viganja. Alikuwa na mdomo. Vijana wa kikosi chake walimwogopa kuliko walivyouogopa upepo, na siku ya mapumziko walikuja kwake kula mlenda.

Siku alipoumia hakuwa hata juu. Alikuwa chini, anajaza fomu. Spana ilimponyoka mtu mita arobaini juu yake, ikapasua kofia ngumu na kumpata juu ya jicho la kushoto.

Hakufa. Baada ya wiki tano alitembea, baada ya miezi mitatu aliongea bila kukwama, na madaktari walipeana mikono. Kovu lilikuwa dogo, limejificha kwenye nyusi. Kitu kilichoharibika hakikuonekana kwenye picha wala kwenye kovu. Ni kile kinachomfanya mtu aamke asubuhi akaone ni asubuhi. Veneranda aliamka akaona ukuta. Aliweza kukaa na kikombe cha chai mbele yake kuanzia saa mbili mpaka saa tano, chai ikaota ngozi, akijua fika kwamba akinyoosha mkono atakifikia, na asipate sababu ya kuunyoosha.

Watu walikuja kumwona. Jikaze, walimwambia. Shukuru uko hai, wenzako wameanguka wakafa. Sali. Yeye mwenyewe alijiambia hayohayo kwa ukali zaidi yao, kwa ule mdomo aliouzoea kwa vijana wa kamba: mvivu wewe, deka tu, una mtoto, simama. Hakusimama. Sekunda, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka kumi. Alianza kumchana mama yake nywele kabla ya kwenda shule. Siku moja alirudi na ripoti, wa kwanza darasani, akaiweka mapajani kwa mama yake. Veneranda aliisoma. Alijua kwamba hapa panatakiwa furaha, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Akairudisha ile karatasi. Sekunda akaikunja mara nne, ikawa ndogo sana, akaenda nayo nje.

Wiki hiyohiyo walimkuta kwenye ngazi ya mnara wa kumi na tisa, juu sana, hana mkanda wala kamba. Aliyepanda kumshusha ni Fidelis, mkamua mafuta ya alizeti, mtu anayeogopa hata kupanda darini. Alipanda akitapika. Alimshika mkewe kiunoni kwa mkono mmoja na ngazi kwa mkono mwingine, wakashuka hatua kwa hatua kwa saa nzima, na chini alipofika hakuweza kuongea mpaka siku ya pili.

Baada ya hapo sheria ilichukua nafasi yake. Mtu aliyeumia ubongo akajaribu kujitoa uhai huwekewa mzani. Nyuzi mbili, nyembamba kuliko unywele, hupitishwa kwenye fuvu mpaka pale ambapo moyo wa kutaka kitu huanzia. Kisahani cha ukubwa wa kifungo cha koti hulazwa chini ya ngozi, chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Kisahani husikiliza. Mawimbi ya ubongo yakizama, huyainua. Kuna namba moja hadi tisa, na tano ndiyo waliyoiita waundaji mtu wa kawaida katika siku ya kawaida.

Ufunguo unaobadili namba hizo kwa mbali hapewi mwenye kichwa. Mtu anayezama, inasema sheria, hawezi kuaminiwa kupima kina cha maji yake mwenyewe. Na walikuwepo wa kwanza waliopewa funguo zao wakajiweka tisa, wakakutwa wamekauka kwa njaa, wanatabasamu. Kwa hiyo ufunguo hukaa kwa mlezi, na mlezi huwa ni mume, au mke, au mzazi. Ili mgonjwa asimezwe kabisa, sheria ilimwachia saa moja. Kila mwezi, kliniki, mzani huzimwa mpaka sifuri kwa dakika sitini. Huitwa saa ya wazi. Anachokisema mgonjwa katika saa hiyo huandikwa, na huhesabiwa kuwa ni neno lake mwenyewe.

Miezi ya mwanzo Veneranda alimshukuru Mungu na nyaya. Alikunywa chai ya moto. Aliiomba ile ripoti, wakaitafuta, akaikunjua na kuibandika ukutani.

Kisha yakaanza mambo madogo. Fidelis alitaka Sekunda apelekwe shule ya bweni, Veneranda hakutaka.

"Mtoto amekaa mwaka mzima bila mama," alisema. "Nimerudi juzi tu, halafu wewe unataka kumpeleka..."

Mkono wa Fidelis ulikuwa mfukoni.

"...unataka kumpeleka mbali," alimalizia Veneranda, na sauti ikawa laini katikati ya sentensi. "Ila kweli bweni wanasoma sana. Si wazo baya, baba Sekunda."

Hatimaye Sekunda hakupelekwa, kwa sababu nafasi zilijaa. Lakini tangu hapo ugomvi wao wote uliisha hivyo. Sauti ya Veneranda ikipanda, namba nayo inapanda. Hakushindwa hata mara moja, alifurahishwa tu. Fidelis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kupanda ngazi ile, na kila alipomwona mkewe anakunja uso aliiona ngazi. Mkono wake ulizoea kukimbilia ufunguo kabla ulimi haujapata neno. Veneranda alikuja kuyaelewa haya mara moja kwa mwezi, kwa dakika sitini, akiwa amelala kliniki na machozi yanaingia masikioni. Dakika ya sitini na moja yalikuwa hayamuumi tena.

*

Jioni ya siku ya mazishi, nyumbani, Fidelis alikuwa ameshamrudisha tano. Sekunda, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa anaosha vyombo kwenye karai mlangoni.

"Umenivua nguo mbele ya mama yangu," alisema Veneranda.

"Sikugusa."

"Nilikuwa tatu. Mtu hatoki tatu akafika tisa kwa upepo."

"Mama Sekunda, nilikuwa nimebeba jeneza. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye jeneza. Sikugusa."

"Kabla ya jeneza kushuka au baada?"

Fidelis alitazama mlangoni, akatazama ukuta. Veneranda alikuwa na hakika kwamba mumewe anatafuta uongo, na hakuona kwamba karai mlangoni limenyamaza.

"Kaka yangu hanitaki," aliendelea. "Arobaini sitakwenda. Mama yangu nimemcheka akiwa shimoni, na hata sasa hivi, kwa hii tano yako, naliona jambo hili kama dogo. Najua ni kubwa, lakini naliona dogo. Unajua hicho ni kitu gani? Afadhali ungeniacha kule kwenye ngazi."

Hapo mkono wa Fidelis uliingia mfukoni. Akautoa, ukiwa mtupu. Lakini Veneranda alikuwa ameshauona ukiingia.

Wiki mbili baadaye, katika saa yake ya wazi, alitamka mashtaka. Ilimchukua dakika arobaini kutamka sentensi tatu. Mlezi wangu ameniinua bila sababu, siku ya maziko, mbele za watu. Naomba anyang'anywe ufunguo. Naomba nipewe mimi.

*

Baraza la Walezi lilikaa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa halmashauri, feni zinazunguka. Walikuwa watatu mezani, na msemaji alikuwa mwenyekiti, Bi Zamoyoni Kijanga, mama mzee mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa hakimu kabla ya kustaafu. Pembeni alikaa daktari wa mzani na mashine yake ndogo.

Mlalamikaji hutoa ushahidi akiwa sifuri. Ndiyo kanuni. Daktari aliuzima mzani, na Veneranda akashuka.

Alikuwa amejiandaa kwa huzuni ya zile saa za wazi. Hili halikuwa huzuni. Huzuni ni kitu. Ukumbi ulirudi nyuma. Sauti za watu zilimfikia zimechelewa, kama za mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Mikono yake iliyokuwa mapajani aliiona kama vitu alivyosahau mtu mwingine. Swali alilisikia, akalielewa, na akatakiwa kulitafutia sababu ya kulijibu, na sababu hiyo ilikuwa mbali sana, huko chini, na kila mara ilimbidi aifuate.

"Chukua muda wako, mama," alisema Bi Kijanga. Hakuwa mkatili. Alikuwa tu amekaa pale kwa miaka kumi na moja.

Veneranda alisema sentensi zake. Fidelis akaitwa, akasema alichosema nyumbani: sikugusa. Daktari akasoma kumbukumbu za mzani. Saa saba na dakika arobaini na mbili, siku ya maziko, ufunguo ulifunguliwa kwa tarakimu sahihi, ukazungushwa kutoka tatu mpaka tisa kwa mkupuo mmoja.

"Tarakimu hizo nani anazijua?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi peke yangu," alisema Fidelis.

"Ni zipi? Zimeshabadilishwa, unaweza kusema."

"Siku na mwezi aliozaliwa mwanangu."

Bi Kijanga alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa kumbukumbu hizi, bwana Fidelis, mambo ni mawili. Ama ulizungusha wewe, ama uliuacha ufunguo ovyo. Yote mawili yanakuondolea ulezi. Na kwa kuwa mgonjwa ana miaka miwili bila jaribio jingine, sheria inaruhusu apewe ufunguo wake kwa majaribio ya miezi sita."

Veneranda alisikia. Maneno yalipita ukuta ule mnene yakamfikia moja moja. Apewe. Ufunguo. Wake. Hakufurahi, hakuwa na cha kufurahia nacho, lakini alijua kwamba ndicho alichokuja kukichukua.

"Kabla sijaandika," alisema mwenyekiti, "nina wajibu wa kumsikia mtoto wa nyumbani. Sekunda Fidelis, simama. Utaulizwa kuhusu maisha ya nyumbani tu, usiogope."

Sekunda alisimama. Alikuwa amevaa sare ya shule. Hakungoja swali.

"Ni mimi," alisema.

Feni zilizunguka.

"Ni wewe nini, binti?"

"Niliyezungusha. Koti la baba lilikuwa kwenye kiti. Mama alikuwa anapiga kelele, anataka kuingia shimoni. Nilidhani anakwenda." Alimtazama mama yake. "Nilidhani anakwenda kama siku ile ya mnara. Nilitaka nimwongeze kidogo tu, afike tano. Mikono ilikuwa inatetemeka, ikafika tisa. Halafu akaanza kucheka nikaogopa kurudisha."

Fidelis alijifunika uso kwa viganja. Alikuwa amejua tangu ile jioni ya karai, na alikuwa tayari kupoteza ufunguo akiwa kimya. Hilo Veneranda alilielewa sasa, polepole, kama mtu anayesoma kibao kwenye ukungu.

Bi Kijanga aliweka kalamu chini. Kisha akafungua kitabu cha sheria, ingawa ilionekana anakijua kwa moyo.

"Mtu asiye mlezi anayegusa nafsi ya mtu mwingine," alisema, "amefanya kosa la jinai. Akiwa mtu mzima ni miaka saba. Akiwa mtoto aliyezidi miaka kumi, huondolewa kwenye nyumba yenye mzani, akalelewa kwenye makao mpaka atimize kumi na minane, na haruhusiwi kuonana na mgonjwa. Sheria hii iliandikwa kwa sababu watoto walikuwa wanawachezea wazazi wao kama redio. Sikuiandika mimi." Alimtazama Sekunda. "Ulielewa ulichokuwa unafanya?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikuwa namsaidia."

Mambo yote mawili yalikuwa mezani mbele ya Veneranda. Hapa ufunguo, pale mtoto. Miaka sita. Makao yalikuwa Dodoma, aliwahi kuyaona kwa nje, ukuta mrefu wa bluu. Akili yake ilitambaa. Mtu mwenye hisia angelia pale, angepiga kelele, angeruka meza. Yeye hakuwa na kitu hata kimoja cha kumsukuma. Hakukuwa na joto la mama ndani yake, wala ile hofu inayomfanya kuku amrukie mwewe. Aliangalia ndani akakuta pamefagiliwa. Na katika utupu ule, bila kusukumwa na chochote, aliona kwamba anajua anachotaka. Lilimshangaza kidogo. Alikuwa amedhani upendo ni hisia, na hisia zilikuwa zimezimwa zote, na bado ulikuwepo umekaa pale kama jiwe.

"Nilimtuma," alisema.

"Unasema?"

Akatafuta pumzi. "Nilimtuma mimi. Nilijua tarakimu. Nilimwambia... nikizidiwa, aniweke tisa. Sikuweza kuvumilia msiba. Nilitaka raha."

"Mama, si kweli," alisema Sekunda.

"Nyamaza, Sekunda."

"Mama, hukuniambia. Mheshimiwa, hakuniambia."

Bi Kijanga aliinua mkono, mtoto akanyamaza. Mwenyekiti aliinama mbele mpaka miwani ikaning'inia.

"Veneranda, nisikilize vizuri. Unachosema kina jina. Ni ulevi wa mzani. Mgonjwa anayemtumia mtoto wake kujiinua hapewi ufunguo. Mumeo naye hatapewa, maana ameacha ufunguo ukaokotwa. Namba yako itafungwa, na hakuna mlezi atakayeigusa kwa miaka mitano. Saa za wazi utafutiwa. Na hutaruhusiwa kurudi hapa kulalamika. Umenielewa?"

"Itafungwa ngapi?"

"Kwa ulevi, sheria inataka sita. Ili mgonjwa asitamani zaidi."

Miaka mitano ya sita. Kaka yake akija kufa, sita. Sekunda akiugua, sita. Na hatakuwa tena na ile saa moja ya kujua amepoteza nini. Veneranda alimtazama Fidelis, ambaye alikuwa ameshusha viganja na kumwangalia kama siku ile ya ngazi, mdomo wazi.

"Nimeelewa," alisema.

"Mimi siamini unachosema," alisema Bi Kijanga kwa sauti ya chini, karibu ya faragha. "Lakini uko sifuri. Sheria inasema neno la sifuri ndilo neno la kweli, na sina ruhusa ya kulipinga." Akaandika. Kalamu ilisikika. "Mtoto hana kosa, alitumwa. Daktari, funga sita."

Daktari alisogea na mashine yake.

"Ngoja," alisema Veneranda.

Walingoja. Alimgeukia binti yake. Alitaka kumwambia kitu ambacho atabaki nacho miaka mitano, kitu ambacho hakikutoka kwenye kisahani. Alikitafuta kwa nguvu zake zote, na maneno yalikuja mazito, moja moja, kama ndoo kutoka kisima kirefu.

"Hii ndiyo mimi," alisema. "Unayemwona sasa. Mkumbuke huyu."

Sekunda alitikisa kichwa kukubali, machozi yanadondoka kwenye kola ya sare.

Daktari akafunga.

*

Nje kulikuwa na jua na upepo wa saa sita. Muuza soda alikuwa ameegesha toroli lake kwenye kivuli cha ukuta wa halmashauri, na Veneranda aliposhuka ngazi alihisi kiu nzuri, kiu ya mtu mwenye afya. Alinunua chupa tatu. Muuzaji alimtania kuhusu viatu vyake, naye Veneranda akacheka, akamtania pia.

Fidelis na Sekunda walikuwa wamekaa kwenye benchi la saruji, kila mmoja mwisho wake. Aliwapelekea soda, akaketi katikati yao.

"Mbona mmenuna hivyo?" aliuliza. "Limekwisha salama. Hakuna anayekwenda Dodoma."

"Mama," alisema Sekunda, "unakumbuka ulichosema ndani?"

"Nakumbuka chote."

Na kweli alikumbuka. Neno kwa neno, na mpaka mlio wa kalamu. Alikumbuka kwamba alikuwa ametoa kitu kikubwa, na angeweza hata kukitaja kwa jina. Lakini alipokigusa kilikuwa laini, hakina makali, kama habari njema ya jirani. Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu aliona haina haja.

"Silvesta nitamwambia ukweli," alisema Fidelis. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Nitakwenda kwake leo hii. Nitamwambia ni kwa nini ulicheka."

"Mwache Silvesta, atapoa mwenyewe. Kunywa soda."

Fidelis aliiangalia chupa mkononi mwake, halafu akaiweka chini taratibu. Mabega yake yalianza kutikisika. Sekunda alikuwa analia kwa sauti sasa, kilio cha mtoto mdogo, kile alichokuwa amekibana tangu makaburini, pengine tangu siku ile aliyoikunja ripoti. Veneranda alimkumbatia. Alimpigapiga mgongo, akamfuta makamasi kwa kanga, akafanya kila kitu ambacho mama hufanya, kwa mikono myepesi.

"Usilie, mwanangu. Ona, mimi nimechoka kulia, nimeacha. Nawe acha. Siku nzuri namna hii."

Sekunda alijitoa kwenye mikono yake. Hakujitoa kwa hasira. Alijitoa kama mtu anayeinuka kwenye kiti cha mwenzake. Akazunguka benchi, akaenda kukaa upande wa baba yake, akaegemeza kichwa kwenye mbavu zake, na wote wawili wakalia pamoja, wameshikana, wamempa Veneranda mgongo.

Upepo ulikuwa mzuri. Veneranda alikunywa soda yake, akawatazama wanavyolia, akatabasamu, akangoja wamalize.